Bath: Mji wa Maji Moto na Mjadala Uliokosa Msemaji

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, tuliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kifungu kifupi cha historia kutoka Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na bwana mmoja wa karne ya 18 aliyekwenda Bath kwa ajili ya afya yake. Tulipokusanya karatasi tukakuta zaidi ya nusu ya darasa wamempeleka bwana yule bafuni. Mmoja alimfungia humo kabisa, akaoga miezi miwili mfululizo. Tulicheka sana katika chumba cha walimu, kisha tukakubaliana kwamba lawama ilikuwa yetu, kwani hatukuwaeleza wanafunzi kuwa Bath ni mji.

Hata hivyo kosa lao lilikuwa na mzizi wa kweli. Neno letu bafu limetokana na neno hilohilo la Kiingereza, na mji huo uliitwa hivyo kwa sababu watu waliuendea kuoga. Kabla ya bafu tulikuwa na hamamu, kutoka Kiarabu, neno ambalo bado linasikika katika jina la Hamamni, Mji Mkongwe wa Unguja, ambako Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga nyumba ya kuogea ya umma kwa mtindo wa Kiajemi. Kwa hiyo tumeona tuwaandalie wasomaji wa kijarida hiki maelezo kuhusu mji wa Bath, historia yake na vivutio vyake. Tunayo pia sababu ya pili, iliyo karibu zaidi na sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Uganda. Ni katika mji huo, Septemba 1864, ambako Waingereza walikusanyika kusikiliza ugomvi juu ya chanzo cha Mto Nile, na ndani ya ugomvi ule Kiswahili kilikuwa mmoja wa mashahidi. Tutafika huko.

Maji yenyewe

Bath uko kusini-magharibi ya Uingereza, katika eneo la Somerset, kando ya mto Avon, kilomita zipatazo 160 magharibi ya London. Wakazi wake ni takriban 94,000. Kilichowavuta watu mahali hapo ni chemchemi tatu za maji moto. Iliyo kubwa, iitwayo Chemchemi ya Mfalme, hutoa zaidi ya lita milioni moja kila siku, yakiwa na joto la nyuzi 45 au 46 za Selsiasi. Kwa sisi tuliozoea Sempaya, ambako wageni huchemsha mayai na kuyala papo hapo, hilo si joto la kutisha. Lakini Uingereza ni nchi ya baridi, na hata mji wa Buxton, ambao nao ni maarufu kwa chemchemi zake, una maji ya nyuzi 28 tu.

Hakuna volkano Bath. Wanajiolojia wanaeleza kwamba mvua inayonyesha juu ya vilima vya Mendip huzama kupitia mawe ya chokaa hadi kina cha zaidi ya kilomita mbili, hupashwa na joto la ardhi, kisha hupanda juu kupitia nyufa za miamba. Safari hiyo huchukua maelfu ya miaka. Anayeoga Bath leo pengine anaogea mvua iliyonyesha kabla Waroma hawajafika.

Wenyeji wa zamani hawakuwa na wanajiolojia, ila walikuwa na hadithi. Walisimulia kwamba mwana wa mfalme aliyeitwa Bladud alipatwa na ukoma, akafukuzwa katika jumba la baba yake, akawa mchunga nguruwe. Nguruwe nao wakaambukizwa. Siku moja akawaona wanagaagaa katika tope la moto, na walipotoka ngozi zao zilikuwa safi. Naye akaingia topeni, akapona, akarudi kwao, akatawala, na akajenga mji mahali pale. Katika masimulizi ya kale huyo Bladud ndiye baba wa Mfalme Lear, yule wa tamthilia ya Shakespeare. Si historia, lakini ni ngano nzuri, na mwalimu wa fasihi simulizi anaweza kuitumia darasani bila taabu, kwani mwana wa mfalme anayefukuzwa na kurejea ni mtu tunayemfahamu katika ngano zetu.

Waroma na watu walioibiwa

Kabla ya Waroma, Waselti wa eneo hilo waliamini chemchemi ni makao ya mungu wa kike aitwaye Sulis. Waroma walipoiteka nchi katika karne ya kwanza B.K. hawakumfukuza. Walimwunganisha na Minerva wao, wakamwita Sulis Minerva, na mji wakauita Aquae Sulis, yaani maji ya Sulis. Kati ya miaka ya 60 na 70 walianza kumjengea hekalu, na kando ya hekalu wakajenga nyumba za kuogea ambazo ziliendelea kupanuliwa kwa karne kadhaa.

Kitovu chake ni Birika Kuu. Tunatumia neno birika kwa maana yake ya pwani, lile la msikitini la kutawadhia, si lile la chai. Birika hilo lina kina cha mita 1.6, na sakafu yake imetandikwa mabamba 45 ya madini ya risasi yaliyochimbwa huko huko Mendip. Mabamba hayo yapo hadi leo na bado yanazuia maji. Mgeni anayefika sasa huona maji ya kijani, akadhani ndiyo rangi yake. Siyo. Zamani palikuwa na paa refu. Sasa birika liko wazi, jua linapenya na mwani unaota.

Kwetu sisi kilichogusa zaidi ni vipande vidogo vya risasi vilivyokutwa ndani ya chemchemi takatifu. Viko vipatavyo 130. Watu walioibiwa waliandika malalamiko yao juu yake kwa Kilatini, wakavikunja na kuvitupa majini ili Sulis avisome. Walioibiwa hawakuwa matajiri. Mmoja alipoteza joho, mwingine nguo ya kuogea, na mtu aitwaye Docimedis alipoteza glavu mbili, akaomba mwizi apoteze akili na macho. Kwa kuwa mwizi hakujulikana, waandishi walijihadhari asije akaponyoka kwa ajili ya maneno: awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au huru, apatwe. Msomaji aliyekulia pwani ya Kenya au Tanzania ataikumbuka halbadiri mara moja. Mtu anaibiwa baiskeli, anatangaza kwamba atamsomea mwizi, na mara nyingi baiskeli hurudi usiku ikaegemezwa ukutani. Hatujui kama Docimedis alirudishiwa glavu zake.

Tunavitaja vipande hivi kwa sababu nyingine pia. Majengo makubwa ya Kiroma yanatueleza habari za watawala na wahandisi. Vipande vya risasi vinatuletea Kilatini cha watu wa kawaida, chenye makosa ya tahajia na lafudhi ya mahali. Mwanafunzi wa isimu-jamii atavipenda. Mwaka 2014 viliingizwa katika orodha ya Uingereza ya Kumbukumbu za Dunia ya UNESCO. Pamoja navyo chemchemi imetoa sarafu za Kiroma zaidi ya 12,000, sadaka za waogaji.

Mwanzoni mwa karne ya 5 utawala wa Kiroma ulikoma, paa likaanguka, tope likafunika kila kitu. Mji haukufa. Mwaka 973 Mfalme Edgar alitawazwa katika kanisa la Bath. Kanisa kuu lililopo leo lilianza kujengwa mwaka 1499 na Askofu Oliver King, ambaye inasimuliwa kwamba aliota malaika wakipanda na kushuka ngazi. Ndoto hiyo ilichongwa kwenye mawe ya mbele ya kanisa, na malaika hao wangali wanapanda. Wagonjwa nao waliendelea kuja. Mwaka 1668 Samuel Pepys, mwandishi wa shajara maarufu, alioga Bath, akajiuliza ni usafi gani huo wa miili mingi kuingia katika maji yale yale. Swali lake lilikuwa la haki, na lilijibiwa kwa uchungu miaka 310 baadaye.

Mji wa starehe, na fedha zilikotoka

Karne ya 18 ndiyo iliyoipa Bath sura inayotangazwa leo katika picha. Malkia Anne aliutembelea mwaka 1702 na 1703, na matajiri wakafuata nyuma yake. Mwaka 1700 ulikuwa mji mdogo wa watu elfu mbili au tatu. Mwaka 1801 ulikuwa na zaidi ya 30,000.

Watu watatu hutajwa kila mara. Wa kwanza ni Richard Nash, aliyejulikana kama Beau Nash, mcheza kamari aliyefika mwaka 1705 na kuwa Msimamizi wa Sherehe. Hakuwa na cheo cha ukoo wala mamlaka ya sheria, lakini aliwatawala mabwana kwa kanuni zake. Alipiga marufuku kuvaa panga mjini, kwani mtangulizi wake aliuawa katika pambano la panga. Alipanga saa ya kuoga, ya kunywa maji, ya kwenda kanisani na ya kucheza dansi, na muziki ulinyamaza saa tano usiku. Husimuliwa kwamba Binti Mfalme Amelia alimwomba wimbo mmoja zaidi, naye akakataa. Sheria za kuzuia kamari zilipokuja alipoteza kipato, akafa maskini mwaka 1761, na mji uliomwacha katika ufukara ukamfanyia mazishi ya kifahari. Jambo hilo si geni kwetu.

Wa pili ni Ralph Allen, aliyepata utajiri kwa kupanga upya njia za posta, kisha akanunua machimbo ya mawe ya rangi ya asali juu ya mji. Wa tatu ni mjenzi John Wood, ambaye alitumia mawe hayo kujenga Queen Square na kuanza kujenga Circus, nyumba zilizopangwa kwa duara kamili. Mwanawe, naye John Wood, aliimaliza Circus na kujenga Royal Crescent kati ya 1767 na 1775. Hilo ndilo jengo ambalo kila mgeni hupiga picha: nyumba 30 zilizoungana katika umbo la hilali, zikitazama uwanja wa majani. Mbele zote zinafanana. Nyuma kila mwenye nyumba alijijengea alivyotaka, na kwa maoni yetu nyuma panafurahisha zaidi kutazama.

Miongoni mwa kazi za watu hao, Hospitali ya Maji ya Madini, iliyofunguliwa mwaka 1742, ndiyo inayostahili heshima kubwa zaidi. Ilikuwa ya maskini kutoka nje ya mji. Mgonjwa alitakiwa kuweka fedha za dhamana, za kumrudisha kwao akipona au kumzika asipopona. Walikuja watu wenye baridi yabisi, jongo na kupooza. Je, maji yaliponya kweli? Kwa muda mrefu wataalamu walicheka. Lakini kundi moja la wagonjwa lilikuwa likipata nafuu dhahiri: wapaka rangi, mafundi mabomba na wanywaji wa pombe ya tufaha, waliopooza kwa sumu ya risasi. Majaribio ya karne ya 20 yalionyesha kwamba mtu akikaa katika maji ya joto hadi shingoni, figo hutoa mkojo mwingi zaidi na risasi hutoka pamoja nao. Basi maji yaliwaponya wenye sumu ya risasi, nayo yakitoka katika mji ambao Waroma waliutandika risasi chini!

Hatuwezi kuyasifu mawe ya rangi ya asali tukanyamaza juu ya sukari. Bristol, bandari kubwa ya biashara ya watumwa, uko mwendo mfupi kutoka Bath, na wenye mashamba ya Karibiani walikuja Bath kupumzika, kuoza binti zao na kuzikwa. William Beckford, aliyerithi mali ya mashamba ya miwa ya Jamaika, alihamia huko mwaka 1822 na kujenga mnara juu ya kilima cha Lansdown, uliokamilika mwaka 1827 na ambao ungali kivutio cha watalii. Ndani ya kanisa kuu mna mabamba ya kumbukumbu zaidi ya 600, na baadhi ni ya watu walioishi kwa jasho la watumwa; kanisa lenyewe limeanza kulieleza jambo hilo kwa wageni. Papo hapo, ni Bath ambako William Wilberforce, mpiganaji dhidi ya biashara ya watumwa, alikutana na mchumba wake na kumwoa mwaka 1797. Mji ni huo huo, na pengine ukumbi wa dansi ulikuwa huo huo.

Wengine tutawataja kwa haraka. William Herschel, mwanamuziki wa kanisa, aliigundua sayari ya Uranus tarehe 13 Machi 1781 kwa darubini aliyojitengenezea, akiwa katika bustani ya nyumba yake, ambayo sasa ni makumbusho; dada yake Caroline alikuwa msaidizi wake na baadaye mwanaastronomia kwa haki yake mwenyewe. Mwandishi Jane Austen aliishi Bath kuanzia 1801 hadi 1806, na riwaya zake mbili, Northanger Abbey na Persuasion, zina sehemu kubwa zinazotendeka humo. Hakuupenda mji sana, lakini mji unampenda mno, hasa katika maduka ya zawadi.

Septemba 1864

Kufikia katikati ya karne ya 19 matajiri walikuwa wamehamia ufukweni, Brighton na kwingineko, na Bath ukawa mji wa wastaafu. Reli ilikuwa imefika tangu 1840. Ndipo mwaka 1864 Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kikachagua kufanya mkutano wake wa mwaka huko, na katika sehemu ya jiografia kukapangwa, kwa tarehe 16 Septemba, mjadala kati ya Richard Burton na John Hanning Speke.

Wasomaji wetu wengi wanaijua habari hii kwa upande wa Jinja. Burton na Speke waliondoka Unguja pamoja mwaka 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, na mwaka 1858 wakafika Ujiji. Waliporudi Kazeh, Burton akiwa mgonjwa, Speke alikwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza akalitazama ziwa. Hakuwa na vipimo vya kutosha, lakini alishawishika kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Burton hakukubali. Speke alirudi Afrika pamoja na James Grant, akakaa kwa miezi kadhaa katika ikulu ya Kabaka Mutesa I, na tarehe 28 Julai 1862 akafika mahali ambapo mto unatoka ziwani. Grant hakuwapo siku hiyo. Basoga walikuwa wakiuita mto huo Kiyira. Speke aliyaita maporomoko yake Ripon, kwa jina la mkubwa wa Chama cha Kifalme cha Jiografia.

Sasa tuangalie kilichokuwa kikibishaniwa. Burton aliuliza: Speke anajuaje? Aliyoyaona kwa macho ni sehemu ndogo, yaliyobaki aliambiwa. Na aliambiwa kwa lugha gani? Burton alikuwa bingwa wa Kiarabu na alijifunza Kiswahili. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alizungumza Kihindustani, alichojifunza akiwa askari India, na mkalimani wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani hadi India akiwa mdogo, akapata uhuru na kurejea Unguja. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton alidhihaki mnyororo huo: Speke anauliza kwa Kihindustani kibovu, Bombay anaelewa vibaya, anageuza kwa Kiswahili, Kiswahili kinageuzwa kwa lugha ya wenyeji, kisha jibu linarudi kwa njia ile ile likizidi kupotoka.

Yaani ugomvi mkubwa wa jiografia wa karne ile ulikuwa pia ugomvi wa tafsiri. Wanafunzi wetu wa ukalimani wanatakiwa kulijua hili. Burton alikuwa na hoja: mnyororo wa lugha tatu ni dhaifu, na kila kiungo hupoteza kitu. Lakini kuhusu ziwa alikosea. Speke, mwenye lugha mbovu na vipimo vyenye dosari, ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Tunathubutu kusema ni kwa sababu Bombay alikuwa mkalimani bora kuliko Burton alivyotaka kukiri. Wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh, akiwemo Snay bin Amir, walikuwa wamekwisha kuwaeleza wote wawili kwamba kuna maziwa matatu, si moja kama ramani za wamishenari zilivyoonyesha. Habari zilikuwepo Tabora, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kabla Mzungu yeyote hajaliona ziwa la kaskazini. Hata hivyo hakuna mkalimani wala mfanyabiashara aliyeitwa Bath kutoa ushahidi.

Tarehe 15 Septemba, siku moja kabla ya mjadala, Burton na Speke walikutana uso kwa uso katika kikao cha mkutano na hawakusalimiana. Baada ya adhuhuri Speke aliinuka, akatoka, akaenda katika shamba la jamaa yake huko Neston Park, si mbali na mji, kuwinda kware. Saa kumi alasiri, akivuka ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ilifyatuka ikampiga kifuani. Alikufa kabla daktari hajafika. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Kesho yake wajumbe walikuwa wamejaa ukumbini wakimngoja. Sir Roderick Murchison, mwenyekiti wa sehemu ile, aliingia akasoma taarifa ya kifo. Baraza la uchunguzi liliamua kuwa ni ajali. Wapo walionong'ona kwamba alijiua ili asikabiliane na Burton, na mnong'ono huo haujaisha katika vitabu. Sisi tunaona uamuzi wa baraza hauna sababu ya kupingwa. Siku tatu baadaye David Livingstone, ambaye naye alikuwepo, alitoa hotuba yake Bath, akawashambulia Wareno kwa biashara ya watumwa. Yeye mwenyewe hakumwamini Speke. Alikwenda kukitafuta chanzo kusini zaidi, akafia huko mwaka 1873. Ilipofika 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua, na hoja ya Speke ikasimama. Bombay alipewa nishani ya fedha na, mwaka 1876, pensheni kutoka Chama cha Kifalme cha Jiografia. Alifariki mwaka 1885. Maporomoko ya Ripon nayo yalizamishwa na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na mwenyeji wa Jinja leo huwaonyesha wageni mahali pasipo na maporomoko tena.

Mgeni kutoka Addis Ababa

Afrika ilirudi Bath mwaka 1936, safari hii kwa miguu yake. Majeshi ya Italia yalipoingia Addis Ababa tarehe 5 Mei mwaka huo, Mfalme Haile Selassie alikimbilia Uingereza, akaenda Geneva kuishtaki Italia mbele ya Shirikisho la Mataifa, kisha akarudi Uingereza. Alinunua nyumba iitwayo Fairfield House, pembeni mwa mji wa Bath, akaishi humo na jamaa na watumishi wake kwa baridi na upungufu wa fedha, akiandika habari za maisha yake. Mwaka 1940 Italia ilipoingia vitani dhidi ya Uingereza aliondoka kwenda Sudan, na tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili baada ya mji wake kutekwa, aliingia Addis Ababa. Mwaka 1958 aliitoa nyumba ile kwa mji wa Bath itumike kwa wazee. Watu wenye asili ya Karibiani wanaoishi eneo hilo, hasa Warasta, huiendea kwa heshima.

Mwaka mmoja baada ya mfalme kurejea kwake, ndege za Ujerumani ziliipiga Bath kwa usiku mbili, kuanzia tarehe 25 Aprili 1942. Walikufa zaidi ya watu 400. Ukumbi wa mikutano wa mwaka 1771 uliungua na haukufunguliwa tena hadi 1963.

Anayetaka kuuona mji

Kwa treni kutoka kituo cha Paddington, London, ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, na ukishuka unaweza kuzunguka mji wote kwa miguu. Mabafu ya Kiroma na kanisa kuu vimekaribiana sana. Daraja la Pulteney, lililokamilika mwaka 1774, lina maduka pande zote mbili, hata mtu anaweza kulivuka bila kujua kuwa chini yake kuna mto. Mji mzima uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka 2021 ukaongezwa mara ya pili, pamoja na miji mingine kumi ya Ulaya yenye chemchemi za tiba.

Kuoga ndani ya birika la Kiroma hakuruhusiwi. Mwaka 1978 mtoto wa kike aliyeogelea humo alifariki kwa maambukizi ya ubongo yaliyotokana na kijidudu kilichokuwa majini, na mabafu yote ya mji yakafungwa. Ndilo jibu la swali la Pepys. Visima vipya vilichimbwa ili kuchota maji safi kutoka chini kabisa, lakini jengo jipya la kuogea, lililotarajiwa mwaka 2002, lilifunguliwa Agosti 2006, gharama zikiwa zimepanda mara kadhaa na kufikia takriban pauni milioni 45. Kwa miaka 28 mji ulioitwa Bath haukuwa na mahali pa kuogea maji yake. Sasa mtu hulipa, akapanda hadi bwawa la juu ya paa, akakaa katika maji ya joto huku akitazama vilima. Hospitali ya Maji ya Madini yenyewe ilifunga milango ya jengo lake la zamani mwaka 2019, huduma zikahamishiwa hospitali kuu ya mji.

Kunywa maji bado kunaruhusiwa. Karibu na mabafu kuna Pump Room, ukumbi wa mwishoni mwa karne ya 18, wenye sanamu ya Beau Nash ukutani na watu wanaokunywa chai kwa sauti ya chini. Tulipopita huko tuliomba glasi ya maji ya chemchemi kwa kila mmoja. Ni vuguvugu, na yana ladha ya chuma, kama maji yaliyolala ndani ya debe. Mwenzetu aliyemaliza glasi yake alisema anasikia nafuu ya goti. Sisi wengine tuliacha nusu mezani, tukaagiza chai.